Vifaranga wanne wametoka shingo tupu na jogoo wangu ana manyoya mpaka masikioni. Hii ni mutasyo (badiliko kwenye jeni, yale maandishi ya urithi) ama kuna kitu nafichwa?

#1 Chukudu_Himbi (Goma)
Salamu wakubwa. Nina tetea mmoja mweusi, namfuga hapa Himbi mwaka wa pili sasa. Ameatamia mayai 13, yameanguliwa 11. Vifaranga saba ni wa kawaida. Wanne wametoka bila unyoya hata mmoja shingoni, ngozi nyekundu iko wazi, utasema mtu amewanyoa kwa wembe. Jogoo wangu ana manyoya mpaka masikioni, na tetea mwenyewe vilevile. Majirani wa pande zote hawana jogoo, wanafuga simbiliki tu.

Mtoto wangu anasoma biolojia, anasema "papa, ni mutasyo". Sawa, lakini mutasyo inaangukia vifaranga wanne kwa siku moja, ndani ya kiota kimoja? Wajuzi wa jukwaa nisaidieni. Mama watoto ameanza kuniangalia vibaya, anasema kuku wangu wanaleta maneno kartye (mtaa) nzima.

#2 Mama_Sambaza
Wadudu hao. Tafuta dawa ya unga uwapake chini ya mabawa, wiki mbili manyoya yanarudi.

#3 Chukudu_Himbi
Dada, hiyo njo nilianza nayo. Kuna duka moja waliniuzia unga wa dola 5, nikapaka siku tatu. Wadudu sikuona, unyoya sikuona, na zile dola tano pia sizioni tena.

#4 Kaka_Birere
Minasema wazi kile watu wanaogopa kusema: ni volkano. Tangu Nyiragongo ilipuke mwezi wa tano 2021, hewa ya huu muji haiko sawa. Majivu tunakula, moshi tunakula, maji ya mvua tunakunywa na mule ndani kuna vitu. Kuku naye anakula chini. Unafikiri mwili utabakia vile vile? Na mazuku je?

#5 Mtoto_wa_Bulengo
Kaka_Birere, mazuku usituguse, sisi ndio tunaishi nayo. Ile ni gesi ya kaboni nzito kuliko hewa, inalala mashimoni, mbuzi akiteremka mule hapandi tena. Inakata pumzi. Haigusi jeni. Kama ingekuwa inatoa watu manyoya, Bulengo yote tungekuwa na vipara.

#6 Kaka_Birere
Wewe si una kipara?

#7 Mtoto_wa_Bulengo
Hicho ni cha baba yangu. Na ni jeni pia, kwa hiyo bado niko ndani ya mada.

#8 Fundi_Katuba (Lubumbashi)
Jambo watu wa Kivu. Sisi huku Katanga tuna Shinkolobwe, ile machimbo ilitoa uraniamu ya bomu la Hiroshima. Na kuku wetu hawana vichwa viwili. Kweli mionzi inabadilisha jeni, mwanasayansi Muller alionyesha hivyo mwaka 1927, aliwapiga inzi wa matunda eksirei, watoto wao wakatoka na macho na mabawa ya ajabu, na mwaka 1946 akapewa Nobel. Ila mionzi haichagui. Inagonga hapa na pale kama mvua ya mawe juu ya mabati. Haiwezi kuwavua vifaranga wanne mahali palepale, kipimo kilekile, na kumwacha wa tano. Mtoa mada angekuwa na mmoja kipofu, mmoja kilema, na mayai mengi yaliyooza.

Hapa kwetu watafiti walichapisha mwaka 2020 kwamba watoto wanaozaliwa na kasoro huko L'shi ni wengi zaidi kwa baba wanaofanya kazi ya mgodi. Lakini hawakusema kwamba ni mutasyo. Vumbi la metali linaweza kumdhuru mtoto tumboni bila kugeuza herufi hata moja ya jeni. Watu huchanganya hayo mawili.

#9 Mwalimu_Ndosho
Fundi_Katuba amenitoa neno mdomoni. Chukudu, jibu kwanza maswali matatu kabla hatujapika nadharia nyingine:
Vifaranga hao wanne, mbele ya shingo, chini kidogo juu ya gole, wana kishungi kidogo cha manyoya ama ni tupu kabisa?
Ulifuga jogoo mwingine yeyote mwaka huu?
Na tetea alianza kutaga tarehe ngapi?

#10 Kigoma_Ujiji
Jamani, mbona mnahangaika? Huku kwetu hao tunawaita KISHINGO. Wapo sokoni kila siku, wala si maajabu. Wale wenye manyoya yaliyopinda kwenda juu, kama amepigwa na upepo, ni kinyavu. Bibi yangu alikuwa nao wote wawili na hakuna mtu aliyefungua uzi.

#11 Chukudu_Himbi
Nimetoka na tochi saa hii, saa mbili usiku, mama akinifokea. Mwalimu, iko kweli! Mbele ya shingo kila mmoja ana kashungi, kama unyoya wa tai ya shati. Wote wanne. Nyuma hakuna kitu, ngozi imekunjamana kama goti la mzee. Nimewagusa, ni moto sana. Wanne hao wanajibana katikati ya wengine, hawakai pembeni kabisa.

Jogoo mwingine: hapana. Kutaga: baada tu ya Pasaka.

#12 Mwalimu_Ndosho
Basi hapo tuna kitu cha kusema. Hii si mutasyo iliyozaliwa kwako, ni ya zamani sana iliyotembea. Mutasyo mpya ingempata kifaranga mmoja. Wanne kati ya kumi na moja, wenye kishungi kilekile, ni urithi. Kishungi kinasema kila mmoja amepata nakala moja tu ya jeni hiyo iliyobadilika, kutoka kwa mzazi mmoja. Angekuwa na nakala mbili, shingo ingekuwa tupu kabisa, na manyoya ya mwili yangepungua kwa asilimia 30 hadi 40.

Sasa raha ya jambo lenyewe. Mwaka 2011 watafiti wa Edinburgh walitafuta kosa liko wapi. Wakakuta kipande kirefu cha DNA kutoka kromosomu (furushi la DNA) ya 1 kimehama na kujibandika kwenye kromosomu ya 3, jirani na jeni inayoitwa BMP12. Angalieni vizuri: BMP12 yenyewe haikuguswa! Protini yake ni ileile. Kilichobadilika ni kiasi. Jirani mpya amekuja na kelele, jeni ikaanza kutoa protini nyingi kupita kawaida, na protini hiyo kazi yake ni kuambia ngozi "hapa usiote unyoya".

Mtauliza mbona shingo tu na si mgongo. Kwa sababu ngozi ya shingo ya kuku inatengeneza asidi ya retinoiki, jamaa wa vitamini A, ambayo inaifanya isikie amri hiyo kuliko ngozi ya mahali pengine. Kwa hiyo amri imepigwa mwili mzima, ila shingo ndiyo yenye masikio makali.

#13 Mama_Sambaza
Mwalimu asante. Naondoa dawa yangu ya unga.

#14 Chukudu_Himbi
Umechelewa kwa dola 5, dada.

#15 Mzee_wa_Neno
Watoto wangu, naheshimu elimu. Ila tazameni vizuri mnachosema: kuku AMEPUNGUKIWA manyoya. Mutasyo inaharibu, inapunguza, inakata. Nani aliona mutasyo ikileta kitu kipya ambacho hakikuwepo? Ukirusha mawe kwenye moto wa boda (pikipiki), haitageuka kuwa gari. Mungu aliumba kila kitu kwa jinsi yake.

#16 Nesi_Kadutu (Bukavu)
Mzee shikamoo. Mimi kwenye hili nina kidonda, nisamehe nikiandika marefu. Mtoto wa yaya (dada mkubwa) yangu ni SS, mgonjwa wa drepano (seli mundu), ana miaka tisa. Baridi ikishuka usiku analia mifupa, tunampa maji, tunamfunika, wakati mwingine tunakimbia kuongezwa damu. Hiyo drepano ni herufi MOJA. Kwenye jeni ya himoglobini pale palipotakiwa GAG pakawa GTG. Basi. Asidi amino moja inaitwa glutamiki inaondoka, valini inakaa. Valini haipendi maji, inatafuta mwenzake wa kushikamana naye. Oksijeni ikipungua, himoglobini zinashikana kama uzi, seli ya damu inajikunja kama mundu na kuziba mishipa.

Hapo ungesema Mzee ana haki, imeharibu. Lakini yaya yangu na shemeji ni AS wote wawili, nakala moja nzima na moja yenye herufi hiyo. Walikua Shabunda, malaria kila nyumba, watoto wa jirani wanazikwa, wao wakapona. Mtu mwenye nakala moja ana kinga nzuri dhidi ya malaria kali. Mtafiti Allison aliandika hivyo tangu mwaka 1954. Herufi ileile iliyowalinda wazazi ndiyo inayomtesa mtoto. Sasa niambieni, ni mbovu ama ni nzuri? Mimi nimeshindwa.

#17 Lwiro_99
Dada Nesi pole. Sahihisho dogo kwa wasomaji: ni nafasi ya sita ya mnyororo wa beta, ila ukihesabu pamoja na asidi ya kwanza inayokatwa baadaye, ni ya saba. Msishangae mkikuta vitabu vinapishana, wote wanasema mahali pamoja.

Na kipimo kipo, AA, AS, SS. Padri wetu hakufunga ndoa yetu kabla hajaiona karatasi. Nilikasirika wakati ule.

#18 Kaka_Birere
Na mulikuwa nini?

#19 Lwiro_99
AA na AS. Tulifunga. Karatasi iko kwenye fremu ukutani karibu na picha ya arusi.

#20 Mwalimu_Ndosho
Mzee_wa_Neno, swali lako la "kitu kipya" ni zuri na halijajibiwa na shingo ya kuku. Nakupa mawili.

La kwanza ni mbwa. Mbwa mwitu ana nakala mbili za jeni inayotoa kimeng'enya cha kusaga wanga kwenye kongosho. Mbwa wa nyumbani wengi wana kuanzia nne mpaka thelathini. Ilichapishwa mwaka 2013. Jeni ilijikopi kimakosa, tena na tena, na mbwa aliyekuwa na kopi nyingi akaweza kuishi na mabaki ya wakulima. Ndiyo maana mbwa wako anakula fufu na kunenepa. Kopi ikishakuwepo ya pili, moja inaweza kuendelea na kazi ya zamani na nyingine ikabadilika taratibu mpaka ipate kazi nyingine. Usemi wako wa mawe na moto ni mzuri, ila moto wa boda haizai moto wadogo. Ingezaa, tungeongea mengine.

La pili ni maziwa. Wanyama wote wanyonyeshao wakikua, swichi ya kusaga sukari ya maziwa inazimwa. Kwa wafugaji wa Afrika Mashariki, Kenya na Tanzania, kuna herufi moja iliyobadilika, ikaelezwa mwaka 2007, na swichi ikabaki imewashwa mpaka uzeeni. Na kama kwa kuku, herufi hiyo haiko ndani ya jeni ya laktasi, kisagaji chenyewe cha sukari hiyo. Iko mbali, herufi kama 14,000 kabla yake, ndani ya jeni ya jirani. Wazungu wana ya kwao, herufi nyingine, mahali karibu na hapo. Watu wawili walifika mlango mmoja kwa njia mbili.

#21 Mama_Sambaza
Mimi maziwa mabichi yananiharisha mpaka leo. Lakini mashanza (maziwa ya mgando) nakunywa, na fromaji (jibini) ya Masisi nakula bila shida. Hapo swichi yangu iko wapi?

#22 Mwalimu_Ndosho
Imezimwa, mama. Kwenye mashanza bakteria wamekula sehemu ya sukari kabla yako. Kwenye fromaji nyingi imeondoka na maji yake. Wafugaji wenye akili walitatua kwa kibuyu kile ambacho jeni ilikuwa bado haijatatua.

#23 Mzee_wa_Neno
Nimesoma. Ya mbwa nitayafikiria. Lakini mbwa bado ni mbwa.

#24 Kabare_Migomba
Mimi si msomi ila nina migomba. Ndizi zetu za huku juu hazina mbegu, unapanda chipukizi, kwa hiyo mtoto ni mama yuleyule, kopi. Kumbe mbona tuna aina nyingi namna hii, ya kupika, ya pombe, ya mkungu mrefu, ya mkungu mfupi? Bwana wa kilimo mmoja aliyewahi kutufundisha alisema zote za nyanda za juu za Maziwa Makuu zimetoka kwenye ukoo mmoja, na tofauti zimetokea kwenye chipukizi moja moja. Mwanzoni sikuamini. Halafu nikaona kwangu mwenyewe: shina moja la ndizi ya kupika likatoa mkungu ambao ukiuonja mbichi unakaza ulimi, uchungu kabisa, ndizi ya pombe hiyo. Shina lilelile, mzizi uleule. Mama yangu hakushangaa, alichukua chipukizi akakipeleka upande wa kasiksi (pombe ya ndizi).

Hapo nani aliharibu na nani alitengeneza? Ukitaka matoke, imeharibika. Ukitaka kunywa, asante Mungu.

#25 Fundi_Katuba
Posti ya mwaka. Kabare_Migomba, mama yako ndiye aliyefanya uteuzi hapo, si shina. Shina lilitoa tu, yeye ndiye aliyeamua litaishi.

#26 Mtoto_wa_Bulengo
Turudi kwa kuku. Nasikia watu wanasema kishingo ni kwa ajili ya joto, anapoza damu kwa shingo. Sawa, Kindu, Kisangani, Kigoma, naelewa. Ila Goma tuko mita 1,500, usiku tunalala na blanketi mbili. Kwa nini wanaongezeka sokoni Virunga? Hiyo nadharia ya joto hapa haifanyi kazi.

#27 Kigoma_Ujiji
Wanaletwa. Biashara haijui hali ya hewa.

#28 Mama_Sambaza
Mimi nauza. Wateja wa hoteli wanawapenda kwa sababu kuwanyonyoa ni dakika chache, nusu ya kazi imeshafanywa na jeni ya Mwalimu. Wengine wanakataa, wanasema ni kama tumbusi. Bei inakuwa ileile.

#29 Kaka_Birere
Na sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, je? Sambaza ya Kivu walileta kutoka Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, kule ni kubwa, huku ni dogo. Si mutasyo hiyo?

#30 Lwiro_99
Kaka_Birere leo umeleta kitu. Lakini si lazima. Ziwa letu lina chakula cha namna nyingine, samaki akila kidogo anakua kidogo, na jeni zake ni zilezile. Ukimrudisha mtoto wake Tanganyika akawa mkubwa, basi ilikuwa chakula. Akibaki mdogo, hapo tuongee jeni. Kuona umbo tu haitoshi. Gorila wa Virunga nao, kuna wenye vidole vilivyoungana, watu wanapiga kelele mutasyo. Mara nyingi ni ndugu kuzaa na ndugu, kundi dogo, jeni ya zamani iliyojificha inakutana na pacha wake.

#31 Nesi_Kadutu
Na isidhaniwe mutasyo ni kitu cha nadra. Kila mtoto anayezaliwa, hata wako, ana herufi mpya kama 60 au 70 ambazo baba na mama hawakuwa nazo, kati ya herufi bilioni tatu na kitu. Nyingi zinatoka kwa baba, na umri wa baba ukipanda zinaongezeka. Nyingi hazifanyi kitu chochote, zimeanguka mahali hakuna jeni. Sehemu zinazoandika protini hazifiki hata asilimia 2 ya jenomu (maandishi yote ya urithi).

Virusi ndio wanakimbia kubadilika. Mpox (ndui ya nyani) ya Kamituga, huku Kivu Kusini, kirusi kilikuwa kimepoteza kipande cha jenomu. Bahati mbaya ni kipande kilekile ambacho kipimo kimoja kilikuwa kinakitafuta. Mgonjwa ana vipele mwili mzima, mashine inasema hamna.

#32 Kaka_Birere
Yesu.

#33 Mwalimu_Ndosho
Chukudu bado hajaeleza baba wa vifaranga. Nauliza tena, kwa upole: una hakika hakuna jogoo aliyepita hapo? Hata siku mbili? Tetea anatunza mbegu za jogoo tumboni wiki mbili hivi, wakati mwingine zaidi. Jogoo anaweza kuwa ameshaliwa na bado anazaa.

#34 Chukudu_Himbi
...

Ngoja niulize nyumbani.

#35 Mtoto_wa_Bulengo
Hizo nukta tatu zimenitisha.

#36 Chukudu_Himbi
Haya. Wiki takatifu nilikuwa Bukavu kwa kazi, nilichukua boti Jumatatu, nikarudi Jumapili asubuhi. Kumbe Jumanne mama mkwe alikuja kutoka Kiwanja na zawadi ya Pasaka, jogoo. Alikaa kwangu siku nne akitembea na tetea wangu kama mwenye nyumba. Nilipofika alikuwa tayari kwenye sufuria.

Sasa: mama watoto anasema jogoo huyo shingo yake ilikuwa tupu, "kama ya mzee aliyevua koti". Mama mkwe nimempigia simu. Amekasirika. Anasema yeye hawezi kumletea mkwe wake kuku mgonjwa, jogoo alikuwa na manyoya yote, mazuri, mekundu, na niache kuwasikiliza watu wa simu.

#37 Lwiro_99
Kwa hesabu: kama jogoo wa Kiwanja alikuwa na nakala moja, nusu ya watoto wake wangetoka kishingo. Wanne kati ya 11 ni chini ya nusu, ila jogoo wako wa nyumbani naye alikuwa anashindana, kwa hiyo inaingia.

#38 Kigoma_Ujiji
Na kama mama mkwe anasema kweli?

#39 Mwalimu_Ndosho
Basi ni jogoo mwingine. Kishingo haijifichi, ukiwa na nakala moja inaonekana. Mzazi mmoja lazima aonekane.

#40 Mzee_wa_Neno
Mwanangu Chukudu, usibishane na mama mkwe kwa ajili ya kuku.

#41 Mama_Sambaza
Hamkupiga picha siku ya Pasaka? Kila mtu anapiga picha ya chakula.

#42 Chukudu_Himbi
Tumeipata kwenye simu ya binti. Sahani, fufu, sombe, na shingo ya jogoo juu kabisa kwenye supu, nilipewa mimi kama baba wa nyumba.

Haina manyoya. Mwalimu, nimeikuza mpaka picha ikavunjika. Iko kama shingo ya kuku yeyote aliyepikwa.

#43 Fundi_Katuba
Nauliza tu, hao wanne wakikua unauza mmoja? Nalipa na usafiri mpaka L'shi.